Protini za Ndani ya Retrovirusi na Kingamwili Zilizozifichua

Protini za nje za retrovirusi, zile zinazong'ang'ania seli inayoshambuliwa, hubadilika upesi. Za ndani, zinazofunga jenomu na kuijengea gamba, hubadilika kidogo. Kwa sababu hiyo historia ya kuvitambua virusi hivi maabarani imeegemea sana zile za ndani, ingawa kirusi kikiwa kizima hazigusiki kabisa.

Mwaka 1911 Peyton Rous, wa Taasisi ya Rockefeller jijini New York, alisaga uvimbe wa kuku, akauchuja kwa kichujio kisichopitisha seli wala bakteria, kisha akawadunga kuku wengine maji yaliyopita. Nao wakaota uvimbe: kisababishi kilikuwa retrovirusi. Wataalamu wengi hawakuutilia maanani ugunduzi huo. Tuzo ya Nobeli ilimfikia mwaka 1966, akiwa na miaka 87.

Tatizo la kuvitambua lilikuwa kwamba virusi vingi vya leukosisi (saratani ya damu) ya kuku, jamaa wa virusi vya Rous, huishi ndani ya seli bila kuziharibu, hivyo hadubini haikusaidia sana. Mwaka 1964 Sarma, Turner na Huebner walitangaza nchini Marekani kipimo kilichoitwa COFAL. Seramu yake ilitoka kwa hamsta walioota uvimbe wa virusi vya Rous. Ilichanganywa na dondoo la seli za kuku pamoja na komplementi, yaani protini za damu zenye uwezo wa kutoboa seli. Baadaye zikaongezwa chembe nyekundu za kondoo zilizokwisha kushikwa na kingamwili. Chembe zikipasuka na maji kuwa mekundu, virusi havimo. Zikituama chini zikiwa nzima, virusi vimo, maana komplementi imekwisha kutumika. Seramu ileile ilinasa virusi vya leukosisi vilivyotofautiana kwa nje, kwa kuwa protini zao za ndani zilifanana. Jeni ya protini hizo ikaitwa gag, kifupi cha antijeni ya kundi. Kazi hii haikuwa ya kitaaluma tu: katika miaka hiyohiyo chanjo ya homa ya manjano, inayokuzwa katika mayai, ilikutwa na virusi vya kuku, ikabidi mayai yatoke kwa kuku waliothibitishwa kuwa safi.

Mwaka 1983, katika Taasisi ya Pasteur mjini Paris, kundi la Françoise Barré-Sinoussi na Luc Montagnier lilikuza virusi kutoka katika tezi ya limfu ya mgonjwa mwenye dalili za awali za UKIMWI. Je, vilikuwa HTLV, retrovirusi ya binadamu iliyokwisha kujulikana Marekani? Kingamwili dhidi ya protini ya ndani ya HTLV hazikuinasa protini ya virusi hivyo vipya. Seramu ya mgonjwa mwenyewe iliinasa. Ukimya wa zile za kwanza ulikuwa ushahidi mzito kuliko majibu mengi. Protini hiyo, wakati huo p25, leo ni p24 ya VVU.

Seramu ya mnyama ni mchanganyiko wa kingamwili nyingi, na akifa, hazina yake hukoma. Georges Köhler na César Milstein, mjini Cambridge, walitatua hilo mwaka 1975 kwa kuunganisha seli ya panya inayotoa kingamwili na seli ya saratani isiyochoka kugawanyika. Zao lake ni kingamwili za aina moja, zisizokwisha. Katika vipimo vya p24, kingamwili moja hugandishwa katika kishimo cha sahani ya plastiki ili inase protini. Ya pili, iliyobeba kimeng'enya, hushika upande mwingine na kuleta rangi.

Marekani ilianza kupima p24 katika damu ya wachangiaji mwaka 1996, kwa kuwa protini hiyo hujitokeza siku kadhaa kabla ya kingamwili za mwili. Mwaka 2010 iliidhinisha kipimo kinachotafuta vyote viwili kwa pamoja. Kimoja hakitoshi: kingamwili za mgonjwa zikiongezeka huizingira p24, nayo hupungua au hujificha kipimoni, hivyo baadhi ya maabara hutumia asidi au joto kuitenganisha kwanza. Kwa mtoto mchanga mambo hugeuka, kwani kingamwili za mama hubaki katika damu yake hadi miezi 18. Hapo hutafutwa virusi vyenyewe, hasa jenomu yao.