Clumber: Jumba Lililoshinda Moto Likashindwa na Deni

Ukifika Clumber leo, karibu na mji wa Worksop huko Nottinghamshire, Uingereza, utaliona ziwa, miti mirefu na kanisa lenye mnara wa meta 55. Jumba hulioni. Zimebaki alama ardhini, zikionyesha kuta zilipopita.

Mwaka 1707 Duke wa Newcastle aliruhusiwa kuzungushia ua sehemu ya msitu wa Sherwood apate pa kuwindia. Jumba kubwa lilikuja baadaye, katika miaka ya 1760, kwa michoro ya Stephen Wright. Ziwa lilitengenezwa na likachukua miaka 15. Kila upande walikuwapo ma-Duke wengine na majumba yao, hata eneo lote likaitwa Dukeries.

Katika ma-Duke wa Newcastle, wenye Clumber, anayesimuliwa zaidi ni Duke wa nne, na hasimuliwi kwa wema. Huyu alizihesabu kura za wapangaji wake kuwa mali yake. Mwaka 1829 aliwafukuza wapangaji wa Newark waliompa kura mgombea asiyemtaka yeye. Alipolaumiwa, akauliza kwani mtu hana ruhusa ya kufanya atakavyo na kilicho chake. Jibu alilipata Oktoba 1831. Muswada wa kupanua haki ya kupiga kura ulipokataliwa na mabwana wa Baraza la Juu, watu wa Nottingham waliipandia ngome yake ya pale mjini wakaitia moto. Akaharakisha kuiwekea Clumber ulinzi, nayo ikasalimika. Mwaka uliofuata kijana William Gladstone, waziri mkuu wa baadaye, aliingia bungeni kwa kiti cha Newark, mbeleko yake ikiwa ni Duke huyo huyo.

Moto haukukata tamaa. Machi 1879 uliteketeza sehemu kubwa ya jumba, safari hii bila kutumwa na mtu mwenye hasira. Charles Barry mdogo akalijenga upya. Duke wa saba, mtu wa ibada, akaongeza kanisa lile, kazi ya G. F. Bodley, iliyoanza 1886 na kwisha 1889.

Mdogo wake, Lord Francis Hope, hakuwa wa ibada. Alirithi almasi ya buluu ya Hope, akaoa mwigizaji wa Kimarekani, akafilisika, na mwaka 1901 akaiuza almasi. Mwaka 1928 kaka alipofariki, u-Duke ukamwangukia yeye, umri umeshakwenda. Zama zilikuwa mbaya kwa majumba ya namna ile: kodi za mirathi zilipanda, na mapato ya mashamba hayakutosha kulisha watumishi wala kuziba paa. Mwaka 1937 vitu vya ndani vilinadiwa, vitabu vya maktaba vikitawanyika kwa wanunuzi. Mwaka 1938 jumba likabomolewa.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, jeshi liligeuza mbuga kuwa ghala la silaha. Mwaka 1946 shirika la hifadhi la National Trust likainunua kwa michango ya wananchi, watu ambao babu zao wasingepita getini bila kuulizwa wanakwenda wapi.

Almasi imo Washington, katika makumbusho ya Smithsonian, tangu 1958. Katika vyumba vyote vya jumba, kilichosimama mpaka leo ni kimoja: chumba cha Duke cha kusomea.