Kibaraza cha zege chaweza kulowesha ukuta wa matofali

Eneo la Kakamega, lililo takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hupokea mvua inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka, na sehemu kubwa hunyesha alasiri kwa kishindo. Si ajabu basi kwamba katika mtaa kama Amalemba, mwenye nyumba ya matofali hutamani kumwaga zege nje ya mlango ili apate pa kuketi jioni, pa kuanika mahindi na pa kukanyaga bila matope.

Hata hivyo, kibaraza hicho hicho kikijengwa ovyo hugeuka njia ya kupitishia maji hadi ndani ya nyumba.

Tofali la kuchoma lina vitundu vidogo mno, nalo hufyonza maji kama utambi ufyonzavyo mafuta ya taa. Ndiyo maana wajenzi hutandika tabaka la kuzuia unyevu, ambalo mafundi huliita DPC, kati ya msingi na safu za matofali. Mara nyingi huonekana kama mstari mweusi wa lami au karatasi ya plastiki. Uso wa kibaraza unapaswa kuwa chini ya mstari huo kwa sentimita 15, ili hata matone yanayoruka kutoka sakafuni yasiufikie ukuta ulio juu yake.

Hapo ndipo wengi hukosea. Mwenye nyumba hutaka kibaraza kilingane na sakafu ya ndani asije akajikwaa, naye fundi humridhisha. Zege hufunika tabaka, maji hulizunguka, na baada ya misimu michache rangi hubabuka, lipu huanguka na chumvi nyeupe hujitokeza ukutani. Ngazi moja mlangoni ni nafuu kuliko hayo. Nyumba kuukuu ambazo hazikuwekewa tabaka lolote, hasa zilizounganishwa kwa udongo, huhitaji tahadhari zaidi: kipimo cha sentimita 15 huanzia sakafu ya ndani, na ukanda wa kokoto huachwa kati ya zege na ukuta.

Kosa la pili halionekani siku ya kazi. Udongo ulio kando ya msingi ulichimbwa, kisha ukarudishwa. Usiposhindiliwa barabara huendelea kuzama kwa miaka mingi, ilhali nyumba yenyewe imetulia. Kibaraza kilichoinama kuelekea uwanjani huanza kuinama kuelekea ukutani, na maji hufuata. Kama zege limeshikamanishwa na matofali, huyavuta na kuyapasua. Kwa hiyo udongo hushindiliwa tabaka kwa tabaka, mawe madogo hupangwa na kushindiliwa juu yake, na nafasi ya sentimita moja huachwa ukutani kwa ubao mwembamba. Baadaye ubao huo huondolewa na nafasi kuzibwa kwa lami. Nafasi hiyo yafaa kukaguliwa kila mara, kwani mchwa hupenda kupanda humo kimyakimya hadi kwenye mbao za paa.

Kila mita moja kutoka ukutani, uso wa zege ushuke kwa sentimita moja na nusu hadi mbili. Unene wa sentimita 10 hutosha pasipopita gari.

Kwa kibaraza cha mita 3 kwa 4, mchanganyiko wa kipimo kimoja cha saruji, viwili vya mchanga na vinne vya kokoto hutumia takriban mifuko 8 ya kilo 50. Mchanga wa mto usiwe na udongo mwingi. Ukiusugua kiganjani, usiache tope. Maji yasizidi lita 25 hivi kwa mfuko. Fundi anayeongeza maji ili zege liteleze upesi humwachia mwenye nyumba sakafu ya vumbi na nyufa. Mkato mmoja katikati ya upande wa mita 4 husaidia ufa utokee mahali palipochaguliwa.

Kazi ianze asubuhi mapema, na karatasi ya plastiki iwe karibu kabla mawingu ya alasiri hayajakusanyika. Kisha zege lifunikwe kwa magunia na kumwagiwa maji kwa siku 7. Mvua inayotoka mabatini nayo ielekezwe kwenye mifereji na tangi, isije ikadondokea kibarazani.

Aliyekwisha kumwaga zege juu ya tabaka la kuzuia unyevu si lazima abomoe kibaraza chote. Ukanda wa sentimita 15 hivi kando ya ukuta waweza kukatwa kwa mashine, ukachimbwa hadi chini ya tabaka na kujazwa kokoto, mradi maji yapate pa kutokea. Ukuta huachwa ukauke kwa miezi kadhaa kabla ya kupigwa lipu mpya.