Utunzaji wa Bustani na Majengo ya Umma katika Mji Mkongwe wa Zanzibar

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya mbele ya jumba la Beit al-Ajaib, pamoja na mnara wake wa saa, iliporomoka wakati mafundi wakiendelea na kazi ya ukarabati. Watu wawili walipoteza maisha katika tukio hilo, na jengo lililokuwa alama ya Zanzibar kwa zaidi ya miaka 130 likabaki nusu likiwa kifusi. Tukio hilo liliweka wazi jambo ambalo wataalamu wa uhifadhi wamelisisitiza kwa muda mrefu, kwamba jengo la umma hudhoofika polepole, mwaka hadi mwaka, pale uvujaji mdogo unapoachwa bila kuzibwa.

Makala haya yanaeleza namna bustani na majengo ya umma ya Mji Mkongwe yanavyotunzwa, sababu za kuharibika kwake, taasisi zinazohusika, na wajibu wa mwananchi anayeishi, anayefanya biashara au anayepumzika katika maeneo hayo.

Hadhi ya Mji Mkongwe

Mji Mkongwe ni kiini cha kale cha Jiji la Zanzibar, upande wa magharibi wa kisiwa cha Unguja. Mwaka 2000 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (UNESCO) liliuingiza katika Orodha ya Urithi wa Dunia, kwa kuwa ni ushahidi wa karne nyingi za kukutana kwa tamaduni za Afrika, Uarabuni, Bara Hindi na Ulaya katika pwani ya Waswahili. Eneo hilo ni dogo. Mtu mwenye afya anaweza kulizunguka kwa miguu katika muda mfupi. Hata hivyo, ndani yake zimo ofisi za Serikali, misikiti, makanisa, skuli, masoko, makumbusho, hoteli na maelfu ya wakazi.

Hali hiyo inafanya utunzaji wake kuwa tofauti na ule wa magofu. Mji Mkongwe ni mji unaoishi. Paa la makumbusho likivuja, maji huweza kuingia katika ukuta wa jirani. Mfereji wa bustani ukiziba, barabara hufurika, na mfanyabiashara mdogo hukosa mahali pa kuweka meza yake.

Namna majengo yalivyojengwa

Majengo mengi ya Mji Mkongwe yalijengwa katika karne ya 19 kwa mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa udongo wa chokaa. Chokaa hiyo ilipatikana kwa kuchoma mawe ya matumbawe katika tanuu, kisha kuyazima kwa maji na kuchanganya na mchanga pamoja na udongo mwekundu. Kuta ni nene, na dari hushikiliwa na boriti za mikoko. Kwa kuwa boriti hazina urefu mkubwa, vyumba vingi vya nyumba hizo ni virefu na vyembamba.

Mfumo huo una nguvu na udhaifu wake. Nguvu yake ni kwamba ukuta wa mawe na chokaa hupumua: unyevu unaoingia hupata njia ya kutoka, na nyumba hubaki na ubaridi wakati wa joto. Udhaifu wake ni kwamba kila sehemu inategemea nyingine. Ncha ya boriti imezikwa ndani ya ukuta. Ikiozeshwa na maji au ikiliwa na mchwa, sakafu hulegea, kuta hukosa kinachozishika pamoja, na ukuta huanza kufura kuelekea nje. Dalili hiyo huweza kuonekana miaka mingi kabla ya jengo kuanguka.

Maji, chumvi na mizizi

Chanzo kikuu cha uharibifu ni maji. Zanzibar hupata mvua za masika kuanzia Machi hadi Mei, na vuli kuanzia Oktoba hadi Disemba. Mvua hizo hupenya kupitia bati lililotoboka, mfereji wa paa uliojaa majani, bomba lililopasuka au ufa uliosahauliwa. Upepo wa baharini nao huleta chumvi, ambayo hutua juu ya kuta, hubomoa lipu taratibu na kuharakisha kutu katika vyuma.

Adui mwingine ni mimea. Ndege huangusha mbegu juu ya paa na kwenye nyufa, miche ikachipua, na mizizi yake ikapanua ufa hadi mawe yakaachana. Mche wa wiki chache hung'olewa kwa mkono. Ukiachwa miaka mitatu au minne, kuuondoa kunahitaji fundi, jukwaa na fedha, na mara nyingi sehemu ya ukuta hulazimika kujengwa upya. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika Mji Mkongwe maneno hayo ni hesabu halisi ya gharama.

Chokaa na saruji

Kosa linalojirudia katika ukarabati ni kupiga lipu ya saruji juu ya ukuta wa chokaa. Saruji hukauka haraka, huonekana imara na hupatikana kila duka la vifaa vya ujenzi. Lakini ni ngumu kuliko ukuta wenyewe, nayo huziba njia ya unyevu. Maji yaliyoingia kupitia msingi au paa hufungiwa ndani, chumvi hukusanyika nyuma ya lipu, na baada ya misimu kadhaa saruji hubanduka ikiwa imeng'ang'ania vipande vya ukuta. Ndiyo maana wahifadhi husisitiza matumizi ya chokaa katika kuta za aina hii, ingawa kazi yake huchukua muda mrefu na huhitaji fundi aliyejifunza.

Suala la mafundi ni la msingi. Ujuzi wa kuzima chokaa, kubadili boriti bila kubomoa ukuta na kuchonga nakshi za milango hupatikana kwa kufanya kazi chini ya fundi mzoefu. Jengo linaweza kuwa na fedha za ukarabati na bado likaharibiwa na ukarabati wenyewe, iwapo aliyepewa kazi haelewi namna lilivyojengwa.

Funzo la Beit al-Ajaib

Beit al-Ajaib lilijengwa mwaka 1883 kwa amri ya Sultani Barghash bin Said, likiwa jumba la sherehe na mapokezi. Tofauti na nyumba za kawaida za mji huo, ujenzi wake ulichanganya kuta za matumbawe na nguzo pamoja na mihimili ya chuma, jambo lililowezesha kumbi pana na veranda zinazozunguka jengo. Lilikuwa jengo la kwanza Zanzibar kuwa na umeme. Mnara uliosimama mbele yake ulitokana na ujenzi mpya uliofanyika baada ya Waingereza kuishambulia ikulu kwa mizinga tarehe 27 Agosti 1896.

Katika nyakati tofauti jumba hilo lilitumika kama ofisi za Serikali, na baadaye kama makumbusho ya historia na utamaduni wa Zanzibar na pwani ya Waswahili. Mwaka 2012 sehemu ya veranda ilianguka, na makumbusho yakafungwa kwa umma. Ukarabati mkubwa ulianza baadaye kwa msaada wa Serikali ya Oman, na ni wakati wa kazi hiyo ndipo maafa ya Disemba 2020 yalipotokea.

Kwa mhifadhi, historia hiyo ina mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba pale chuma na matumbawe vinapokutana karibu na bahari, kutu hufanya kazi kwa siri: chuma kinachopata kutu huvimba, hupasua kilichokizunguka na hupoteza nguvu ya kubeba mzigo. La pili ni kwamba jengo lililochelewa kuhudumiwa huwa hatari hata kwa wale waliokuja kuliokoa.

Mfano ulio kinyume upo mwendo mfupi kutoka hapo. Jengo la Zahanati Kongwe, ambalo ujenzi wake ulianzishwa na mfanyabiashara Tharia Topan mwaka 1887, lilikuwa limechakaa vibaya kabla ya kukarabatiwa katika miaka ya 1990 na Taasisi ya Utamaduni ya Aga Khan. Veranda zake za mbao zenye nakshi zilirejeshwa, na jengo likarudi katika matumizi.

Bustani ya Forodhani

Bustani ni miundombinu kama barabara na mabomba. Bustani ya Forodhani, iliyopo kati ya Ngome Kongwe, Beit al-Ajaib na bahari, ilianzishwa katika miaka ya 1930 na kujulikana kama Bustani ya Jubilii. Kila jioni watu wa mji hukusanyika hapo: familia hupunga upepo, vijana hujirusha baharini kutoka ukutani, na wauza vyakula hupanga mishikaki, pweza, urojo na juisi ya miwa.

Matumizi hayo makubwa ndiyo yaliyoichosha. Kufikia miaka ya 2000 ukuta wa bahari ulikuwa umedhoofika, mifereji haikutosha, na uchafu wa jikoni haukuwa na mahali maalumu. Taasisi ya Utamaduni ya Aga Khan, kwa makubaliano na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, iliifanyia bustani hiyo ukarabati uliokamilika mwaka 2009. Ukuta wa bahari uliimarishwa, taa na mifereji vikawekwa upya, miti na nyasi zikapandwa, na wauza vyakula wakatengewa eneo lao.

Uamuzi wa kuwatengea wafanyabiashara eneo badala ya kuwaondoa ulizingatia kwamba wao ndio sababu ya watu wengi kwenda Forodhani nyakati za usiku. Lakini bustani iliyokarabatiwa hubaki nzuri kwa kadiri inavyohudumiwa kila siku. Mafuta ya kupikia yanayomwagwa kwenye mfereji huganda na kuuziba. Nyasi zinazokanyagwa bila kupumzishwa hufa, udongo hubaki wazi, na mvua huusomba hadi baharini.

Mnazi Mmoja na maji ya bahari

Upande wa mashariki wa Mji Mkongwe palikuwa na mkono wa bahari, Pwani Ndogo, ambao ulifukiwa katika karne ya 20. Viwanja vya Mnazi Mmoja vipo katika ardhi hiyo ya chini, na karibu yake lipo jengo la makumbusho la Beit al-Amani, lililochorwa na msanifu John Sinclair na kufunguliwa mwaka 1925. Kwa sababu ya uchini wake, eneo hilo hutegemea sana usafi wa mifereji. Mvua kubwa inapokutana na maji ya bamvua, maji ya nchi kavu hukosa pa kwenda, na takataka chache zilizotupwa katika mfereji hutosha kusababisha mafuriko.

Taasisi zinazohusika

Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, iliyoanzishwa mwaka 1985, ndiyo msimamizi wa uhifadhi wa eneo hilo. Sheria inamtaka mmiliki au mpangaji kupata kibali kabla ya kujenga, kubomoa au kubadili sura ya jengo. Baraza la Manispaa hushughulikia usafi na huduma za mji. Mamlaka za Serikali husimamia makumbusho na majengo ya mambo ya kale, na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana husimamia nyumba zilizowekwa wakfu.

Mgawanyo huo una maana kwa mwananchi. Nyumba ya Serikali, nyumba ya wakfu na nyumba ya mtu binafsi huweza kushirikiana ukuta mmoja. Ufa unapotokea, hatua ya kwanza ni kujua nani mwenye dhamana ya kila upande, ili taarifa ifike panapostahili na jirani mmoja asizibe upande wake huku maji yakiendelea kuingia upande wa pili.

Matunzo ya mwaka mzima

Kazi nyingi za kuzuia uharibifu ni ndogo na hurudiwa kwa ratiba. Kabla ya masika na kabla ya vuli, paa hukaguliwa, mabati yaliyolegea hukazwa na mifereji husafishwa. Baada ya mvua, dari na kuta hukaguliwa kutafuta alama mpya za maji, na miche iliyoota kwenye nyufa hung'olewa. Msimu wa ukavu ndio wa kurekebisha lipu na kupaka chokaa. Kwa bustani, kipindi hicho ni cha kumwagilia na kupumzisha nyasi, na mwanzo wa mvua ni wa kupanda.

Jengo linalotumika hupata macho ya kuliangalia. Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waomani baada ya Wareno kuondolewa mwishoni mwa karne ya 17, hupokea matamasha ya filamu na muziki katika ukumbi wake wa wazi. Jengo lililofungwa halina anayeona tone la kwanza likidondoka.

Wajibu wa mwananchi

Mwananchi anayeishi au kufanya kazi Mji Mkongwe anatakiwa kuomba kibali kabla ya ukarabati, kutumia fundi anayefahamu chokaa, kutotupa taka wala mafuta katika mifereji, na kutoa taarifa mapema kwa mamlaka anapoona ukuta uliofura, veranda iliyoinama au boriti iliyooza. Aidha, anatakiwa kuheshimu uzio na alama za tahadhari katika majengo yaliyofungwa, na kuwazuia watoto kucheza chini ya veranda zilizochakaa.

Taarifa inayotolewa mapema huliokoa jengo kwa gharama ndogo, na zaidi ya hapo huokoa maisha ya wapitao chini yake.