Samaki wa Ludewa na kidonge cha omega-3

Ingia duka la dawa Mbeya mjini au Iringa uulizie kitu cha kulinda moyo. Usishangae ukionyeshwa chupa ya vidonge vya mafuta ya samaki. Wapo watakaokwambia vinapunguza na uzito. Kabla hujatoa hela, soma kwanza historia hii fupi, maana sehemu yake muhimu ilitokea huku huku kwetu Nyanda za Juu Kusini.

Wazo lenyewe lilianzia mbali sana. Miaka ya 1970, Wadenmark wawili, Hans Olaf Bang na Jørn Dyerberg, walipima damu za Wainuiti wa Greenland. Watu hawa walikula mafuta mengi ya samaki na wanyama wa baharini, lakini kolesteroli yao ilikuwa chini kuliko ya Wadenmark. Macho yakaelekezwa kwa omega-3, mafuta yanayopatikana kwa wingi kwenye samaki. Ila Mwinuiti na Mdenmark wanatofautiana kwa mambo mengi. Utajuaje kwamba sababu ni samaki?

Njia mojawapo ni kutafuta watu wa asili moja, wanaoishi jirani, ila wanakula tofauti. Timu ya Mwitaliano Paolo Pauletto iliwapata wilaya ya Ludewa, ambayo wakati huo ilikuwa mkoa wa Iringa (leo ni Njombe). Kundi moja liliishi ufukweni mwa Ziwa Nyasa na kula gramu 300 hadi 600 za samaki kwa siku. Kundi la pili liliishi milimani, si mbali, kwa mlo wa mimea. Jumla walikuwa zaidi ya watu 1,200. Matokeo yalichapishwa mwaka 1996 kwenye jarida la Lancet, na mpaka leo yanajulikana kama Utafiti wa Lugalawa.

Wastani wa presha kwa wala samaki ulikuwa 123/72, na kwa watu wa milimani 133/76. Wenye shinikizo la juu la damu walikuwa asilimia 2.8 ziwani, asilimia 16.4 milimani. Kolesteroli nayo ilikuwa chini zaidi kwa watu wa ziwani.

Na uzito je? Mwaka 2002, jarida la Circulation lilichapisha vipimo vya leptini, homoni inayotolewa na seli za mafuta mwilini, kutoka kwa watu wapatao 600 wa jamii hizo hizo. Wala samaki walikuwa na leptini kidogo zaidi. Lakini ukilinganisha uzito na urefu wao, makundi yote mawili yalikuwa karibu sawa. Yaani pamoja na samaki wote wale, watu wa ziwani hawakuwa wembamba kuliko wenzao. Anayekuuzia kidonge cha kupunguza unene hapati ushahidi Ludewa.

Twende taratibu pia kwenye moyo. Utafiti ule uliangalia watu walivyo. Haukumgawia mtu mlo. Ziwani na milimani kunatofautiana kwa mwinuko, joto na kazi za kila siku. Isitoshe, kilichopimwa ni maisha ya kula samaki. Kidonge hakikuwepo.

Kidonge kilikuja kupimwa baadaye, kwa kugawa watu kwa bahati nasibu. Jaribio la VITAL la Marekani, lililotangazwa mwaka 2018, liliwafuatilia watu 25,871 kwa takribani miaka mitano. Waliomeza gramu moja ya omega-3 kila siku hawakupungukiwa kwa kiasi cha kuaminika na mshtuko wa moyo, kiharusi na vifo vya moyo vikijumlishwa pamoja. Mwaka huo huo jaribio la REDUCE-IT lilionyesha faida, ila kwa dawa iliyosafishwa, gramu 4 kwa siku, kwa wagonjwa waliochaguliwa na wanaotumia dawa za kolesteroli. Hata hapo, tatizo la mapigo ya moyo kwenda ovyo liliongezeka.

Kwa hiyo ukiwa na hela ya chupa moja, pita Mwanjelwa ununue usipa au dagaa. Wakiwa wamekaushwa kwa chumvi, waloweke na uwasuuze vizuri, maana chumvi hupandisha presha. Punguza mafuta ya kukaangia. Na kama unatumia dawa za presha, usiziache: samaki ni chakula, hawachukui nafasi ya dawa uliyoandikiwa.