Chokaa Ukutani: Habari za Nyumba za Mawe za Pwani

Somo letu la leo ni la historia, lakini hatutataja vita vingi wala wafalme wengi. Tutazungumza habari za ukuta wa nje wa nyumba, ule unaopigwa na jua mchana na mvua usiku. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya manne: chokaa, boriti, niru, saruji.

Nyumba za mawe zimejengwa katika pwani yetu kwa karne nyingi. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani ulianza kujengwa katika karne ya 11, kisha ukapanuliwa. Wareno walipouteka mji huo mwaka 1505, waliandika kwamba wameona nyumba za mawe na chokaa. Mawe yenyewe yalikuwa matumbawe. Mengine yalichimbwa nchi kavu. Yale laini yalikatwa baharini, yakachongwa yangali mabichi. Dari ilishikwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti hizo si ndefu sana, vyumba vilikuwa vyembamba, mita 3 hivi, ila virefu. Ukiingia katika nyumba ya zamani ya Lamu au ya Unguja utaliona jambo hilo mara moja.

Na chokaa je, ilitoka wapi? Ilitoka katika matumbawe yale yale. Magogo yalipangwa kwa duara, matumbawe yakawekwa juu yake, kisha tanuu ikatiwa moto. Jiwe likipata moto mkali sana, hutoa hewa iliyokuwa ndani yake na kubaki jepesi. Hapo humwagiwa maji, nalo huchemka lenyewe bila ya moto na kuwa unga mweupe. (Watoto wakae mbali, maana chokaa hiyo huunguza macho na ngozi.) Mafundi hodari hawakuitumia siku ile ile, waliiacha ikae muda mrefu ilainike. Ikisha kupakwa ukutani, huivuta tena hewa ile iliyoitoa, ikarudi kuwa jiwe polepole. Hebu fikirini: jiwe limefanywa unga, unga ukawa jiwe tena, juu ya ukuta.

Basi kwa nini wazee walishika chokaa? Unguja hupata mvua nyingi, takriban milimita 1,600 kwa mwaka, na hata siku zisizo na mvua hewa ina fukuto. Ukuta wa matumbawe hunywa maji. Chokaa haiyazuii maji yasiingie kabisa, lakini huyaruhusu yatoke jua likiwaka. Kwa hiyo ukuta hulowa na kukauka, hulowa na kukauka, wala hauozi. Tena weupe wake hurudisha joto la jua, na ukali wake huzuia kuvu na ule utando wa kijani unaopenda kuta zenye unyevu.

Lakini chokaa huchakaa. Mvua huila kidogo kidogo. Kwa hiyo kuta zilipigwa niru tena na tena: masika yakiisha na ukuta ukikauka, kuvu hufagiliwa kwa ufagio mgumu, nyufa hujazwa, ndipo niru hupakwa, nyepesi, mara mbili au tatu. Juu ya paa, sakafu ya chokaa ilipigiliwa kwa vipande vya mti mpaka ikashikamana. Michirizi ilizibuliwa. Mche wa mkuyu ukiota katika ufa uling'olewa ungali mdogo, kwa sababu mizizi ya mkuyu hupasua jiwe. Wenzetu wa nyumba za udongo wanaijua kazi ya namna hii. Nao hukandika upya kila mwaka, wala hakuna anayewaambia.

Kisha ikaja saruji. Kiwanda cha Bamburi, karibu na Mombasa, kilianza kuitoa mwaka 1954, na kile cha Wazo, karibu na Dar es Salaam, mwaka 1966. Saruji ni kitu kizuri mahali pake. Lakini wengi waliona ukuta wa zamani umechafuka, wakaupaka saruji ili wasipate taabu ya kila mwaka. Ukuta ukapendeza. Saruji ni ngumu kuliko tumbawe lililo chini yake, kwa hiyo hupasuka. Maji hupenya katika ufa, yasipate njia ya kutoka. Chumvi hujikusanya na kuibandua saruji vipande vipande, na ncha za boriti zilizomo ukutani huoza mahali pasipoonekana na mtu.

Mji Mkongwe wa Unguja ulipata na taabu nyingine. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1964 nyumba nyingi zilichukuliwa na serikali zikapangishwa kwa kodi ndogo. Mpangaji alisema paa si lake. Na kodi haikutosha kununua chokaa. Mamlaka ya kuuhifadhi mji iliundwa mwaka 1985, na mwaka 2000 mji ukaingizwa katika Urithi wa Dunia. Hata hivyo, tarehe 25 Desemba 2020, sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 wakati wa Sultani Barghash, ilianguka huku kazi ya kulikarabati ikiendelea. Watu wawili walifariki.

Sasa funguni madaftari. Andikeni majibu ya maswali haya mawili, nasi tutayarudia katika kipindi kijacho. La kwanza: kwa nini ukuta wa matumbawe wahitaji kupumua? La pili: nyumba unayokaa, maji ya mvua yakitoka paani huangukia wapi? Hili la pili msilijibu darasani. Nendeni mkatazame kwanza.