Eti kupanda mlima ni mambo ya wazungu?
Juzi hapa Dallas, Embu, niliambia maboi nataka kupanda Mlima Kenya kupitia Chogoria. Wakacheka: "Hizo ni mambo za wazungu."

Wasee, ngojeni kidogo. Ndiyo, vitabu vinamtaja Mackinder, Mwingereza aliyefika Batian, mita 5,199, mwaka 1899. Lakini mlima ulikuwa na jina kabla yake. Wameru wanauita Kirimaara, na shosho yangu husema Kirinyaga tu. Hata Batian na Lenana ni majina ya viongozi wa Kimaasai, jamaa aliyabandika tu.

Alafu 1953, wakati wa hali ya hatari, wakoloni wakaufanya msitu wa mlima eneo marufuku. Ukionekana ndani, unapigwa risasi. Ndege zikaangusha mabomu. Na bado Mau Mau waliishi humo kwa baridi ile, Musa Mwariama wa Meru akatoka msituni uhuru ukishapatikana. Buti za bei walikuwa nazo? Zi!

Usiku wa kuamkia 12 Desemba 1963, Kisoi Munyao, Mkenya, akapandisha bendera yetu huko juu.

Guka yangu alikatazwa msitu huo. Mimi natoka Ijumaa asubuhi. Nani anakuja?