Rusumo: uwanja wa vita wa 1994 na kumbukumbu zake

Rusumo ni maporomoko ya mto Kagera, pamoja na daraja na kituo cha forodha kilicho mpakani mwa Tanzania na Rwanda, wilaya ya Ngara, mkoa wa Kagera. Barabara itokayo darajani hupita Benaco na Nyakahura hadi Lusahunga, wilayani Biharamulo. Mwishoni mwa Aprili 1994 vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Rwanda, vilivyoanza Oktoba 1990, vilifika hapa. Katika historia, jina la Rusumo limebaki kwa ajili ya mambo mawili: maiti zilizobebwa na mto, na umati uliovuka daraja.

Mto Ruvubu, unaotoka Burundi, huungana na maji yatokayo Rwanda juu kidogo ya maporomoko. Kwa hiyo kila kilichotupwa katika mito mingi ya ndani ya Rwanda, Nyabarongo ukiwa mmoja wao, sharti kipite Rusumo kabla ya kwenda Ziwa Viktoria. Mahali hapa pamekuwa kivuko kwa muda mrefu. Hata Mjerumani Gustav Adolf von Götzen aliingilia hapo Rwanda mwaka 1894.

Vita na mauaji

Mkataba wa amani kati ya serikali ya Rwanda na Chama cha Kizalendo cha Rwanda (RPF) ulitiwa saini Arusha tarehe 4 Agosti 1993. Aprili 6 mwaka uliofuata, ndege ya Rais Juvénal Habyarimana ilitunguliwa Kigali ikirejea kutoka mkutano wa Dar es Salaam, na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakaanza. RPF ilirudi vitani na kusonga haraka upande wa mashariki, lakini kwa wengi ilifika wakiwa wamekwisha kuuawa. Katika komuni ya Rusumo, upande wa Rwanda, maelfu ya watu waliokimbilia kanisa la Nyarubuye waliuawa katikati ya Aprili. Meya wa komuni hiyo, Sylvestre Gacumbitsi, alikamatwa Juni 2001 katika kambi ya wakimbizi mkoani Kigoma. Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda iliyokaa Arusha ilimhukumu kifungo cha miaka 30 mwaka 2004. Rufaa ya 2006 ikakifanya kifungo cha maisha.

Kabla mapigano hayajafika darajani, mto ulikuwa umekwisha kuleta habari. Waliosimama juu ya daraja waliziona maiti zikianguka kwenye maporomoko, siku baada ya siku, nyingine zimefungwa mikono.

Aprili 28 na 29

RPF ilipokaribia mpaka, njia ya kuvuka ilifunguka, na katika muda wa saa 24 hivi watu wanaokadiriwa kufika 250,000 wakamiminika Ngara. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR) lilisema halijapata kuona umati mkubwa kiasi hicho ukivuka kwa kasi hiyo. Askari wa Tanzania waliwataka waache silaha kabla ya kuingia, na mapanga yakarundikana kando ya barabara. Picha za marundo hayo zilizunguka dunia.

Mapanga hayo yanapaswa kukumbukwa katika kila maelezo ya Rusumo. Wengi waliovuka walikuwa wakulima na watoto waliokimbia vita. Wengine walikuwa wauaji na viongozi wao, na wote walipokewa pamoja. Kumwita kila aliyevuka muuaji ni dhuluma, na kuwaita wote wahanga ni dhuluma kwa waliolala mtoni.

Kambi ya Benaco, iliyopewa jina la kampuni ya Kiitalia iliyojenga barabara, ikawa mji mkubwa ndani ya siku chache. Nyingine zikafuata, zikiwamo Lumasi na Lukole. Vilima vya Wahangaza na Washubi vilikatwa miti kwa ajili ya kuni, na wenyeji walijikuta wachache katika ardhi yao. Desemba 1996 serikali ya Tanzania na UNHCR walitangaza kwamba Wanyarwanda wote warudi kwao kabla mwaka haujaisha. Maelfu walijaribu kukimbilia mashariki, jeshi likawageuza, na karibu nusu milioni wakavuka daraja lile lile kurudi. Mashirika ya haki za binadamu yalilaumu kwamba urejeshaji huo haukuwa wa hiari.

Kumbukumbu

Kumbukumbu za Rusumo zimetawanyika kuufuata mto. Nyarubuye kuna makaburi ya halaiki na jumba la makumbusho, na kila Aprili huwa na ibada wakati wa Kwibuka, maombolezo ya kitaifa ya Rwanda yanayoanza tarehe 7. Katika baadhi ya maombolezo hayo watu hutupa maua mtoni kwa ajili ya wasio na kaburi.

Waliofikishwa ziwani walizikwa Uganda. Wavuvi na wanavijiji ndio waliowaopoa, katika wakati ambao watu wa pwani ya ziwa waliogopa hata kula samaki. Leo kuna makaburi matatu ya kumbukumbu, Kasensero, Lambu na Ggolo, yenye mabaki ya watu karibu 11,000. Watu wale waliwasitiri wageni ambao hata majina yao hawakuyajua, na kazi hiyo inastahili heshima kubwa kuliko inayopewa.

Daraja jipya, lililojengwa kwa msaada wa Japani, lilizinduliwa rasmi Aprili 6, 2016 na marais John Magufuli na Paul Kagame. Kesho yake Magufuli alihudhuria maombolezo Kigali. Karibu na maporomoko kumejengwa mtambo wa umeme wa megawati 80, unaogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Benaco nayo ni mji wa njia panda, madereva wa malori wanalala hapo. Radio Kwizera, iliyoanzishwa na Wajesuiti mwaka 1995 kwa ajili ya wakimbizi na wenyeji wao, iliendelea kurusha matangazo Ngara baada ya kambi kufungwa.